Picha Ukutani, Ziwa Dirishani

Mai Mahiu

Machi 2018 picha kutoka Mai Mahiu ilizunguka dunia nzima. Barabara ya kwenda Narok imekatika, watu wamesimama pande mbili za ufa wanachungulia chini, na mahali pengine kina chake, walivyoandika waandishi wa habari, kilipita mita 15. Maneno yaliyosafiri na picha hiyo yalikuwa machache: Afrika inapasuka vipande viwili. Sisi Arusha tuliipata kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya chai ya saa nne, na aliyenitumia mimi alikuwa mwalimu wa jiografia, mwenye shahada yake.

Nimeikuta tena safari hii, ikiwa ukutani mwa darasa la gredi ya nane, katika shule iliyo kati ya Mai Mahiu na Naivasha. Ni sekondari msingi, ngazi ambayo Kenya iliianzisha mwaka 2023 ikaiweka ndani ya shule za msingi, mara nyingi bila maabara wala chumba cha ziada. Mwalimu hakutoa utangulizi. Aliiwasha, akaiacha hapo, akaenda kusimama nyuma ya darasa ambako watoto hawakuweza kumsoma usoni.

"Mnaona nini?" Hakuuliza hii ni nini. Watoto wakataja barabara, watu, matope, nyasi. Kingo za shimo ni za nini? Udongo. Mwamba uko wapi? Hakuna mwamba, Tichaa. Chini kunaonekana nini? Hapo wakabishana, wengine wakasema maji yalipita, wengine kivuli tu. Msichana mmoja wa benchi la tatu akasema kwa Kiswahili, ingawa somo lilikuwa la Kiingereza: "Hilo ni korongo kama la kwetu, ila hili limekula lami."

Basi mwalimu akaandika ubaoni maelezo mawili. La kwanza ndilo lile la Afrika kupasuka. La pili ni la wanajiolojia waliokwenda kukagua: eneo hilo limefunikwa na majivu ya volkano za Suswa na Longonot, udongo mwepesi ambao maji huutoboa kwa chini na kufanya mifereji isiyoonekana, na mvua kubwa za Machi ile ziliangusha paa la mfereji. Mabamba ya ardhi yanaachana kweli hapa Bonde la Ufa, lakini kwa milimita chache kwa mwaka, mwendo ambao hauwezi kukata barabara usiku mmoja. Kisha akawaambia wachague maelezo, kwa sharti kwamba ushahidi utoke ndani ya picha yenyewe. Asiyeweza kuinuka akaweka kidole ukutani, hoja yake haihesabiwi.

Kipindi kizima kiliishia kwenye picha moja. Nimewahi kukaa katika madarasa ambamo mwalimu alipitisha slaidi thelathini ndani ya dakika arobaini na watoto wakatoka wakikumbuka rangi ya mandharinyuma.

Kusoma picha si jambo geni katika nchi zetu hizi mbili. Sisi Tanzania tunaifundisha katika jiografia ya sekondari, na wenzetu Kenya vilevile: picha ya ardhini, ya mshazari, ya kutoka angani. Lakini mtoto huikuta kwenye karatasi ya mtihani ikiwa imenakiliwa na kunakiliwa hadi mlima na wingu vimekuwa kitu kimoja. Anafundishwa kutazama kwa kitu kisichotazamika.

Mwalimu huyu anazo pia picha za 29 Aprili 2024, usiku ambao maji yalishuka katika kijiji cha Kamuchiri na kuua makumi ya watu. Hizo nazo zilianza na maelezo yasiyo sahihi. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, mtaro wa chini ukiwa umezibwa na takataka za mafuriko. Kwa somo la kupima habari, hakuna mfano uliokaribia huu. Haonyeshi. Darasani mwake wamo watoto waliozika watu wiki ile.

Nakuru mjini

Nakuru imekuwa jiji tangu 1 Desemba 2021, na waendesha bodaboda bado wanaitaja habari hiyo kama jambo la juzi. Kwa mgeni, mji huu ulikuwa na picha moja tu kichwani: ziwa la waridi. Kadi za posta, kalenda, vitabu vya shule, hata kuta za hoteli, zote zilikuwa na ndege wale wale, heroe, ambao hapa hata mtoto wa chekechea anawaita flamingo.

Mtoto wa gredi ya tano anayesoma upande wa Mwariki hajawahi kuliona ziwa hilo la waridi. Tangu kama 2010 maji yamekuwa yakipanda. Ziwa lililokuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 40 lilifika zaidi ya 60 muongo mmoja baadaye, likameza lango kuu la hifadhi na ofisi zake, likaingia kwenye nyumba za watu wa Mwariki na Barut. Maji mengi yalipunguza magadi, mwani ambao heroe huula ukapungua, na makundi makubwa yakahamia Bogoria na kwingineko. Kitabu kinasema waridi, dirisha linasema kijivu chenye vichwa vya miti iliyokufa. Mtoto amwamini nani?

Hapo ndipo nilipomwona mwalimu aliyenifanya niongeze siku Nakuru. Amefunga shuka jeupe juu ya ubao kwa misumari, na madirisha mawili ya upande wa jua ameyaziba kwa magunia. Projekta ni ya shule, laptopu ni yake. Alichokionyesha ni picha za setilaiti zinazofuatana mwaka hadi mwaka, mkusanyiko unaoanzia 1984 ambao uliingizwa ndani ya Google Earth mwaka 2021. Hakuwa na intaneti shuleni; alirekodi skrini nyumbani kwake usiku, akabeba video kwenye flashi.

Aliipitisha mara moja bila kusimama. Darasa likapiga kelele, maana ziwa linavuta pumzi: linapungua, linajaa, linapungua. Mara ya pili akasimamisha katikati ya miaka ya 1990, ziwa likiwa karibu kukauka, chumvi nyeupe imezunguka kidimbwi. "Nani alikuwa amezaliwa?" Hakuna. "Mama zenu?" Vicheko. Akasogeza hadi karibu na 2010, kisha 2020, akauliza: "Geti liko wapi?" Mvulana mmoja akaenda mbele na rula. Hakuwa na shida yoyote na picha ya kutoka angani. Alifuata barabara kutoka mjini kwa ncha ya rula, akafika ukingoni mwa maji, akasimama. "Geti ni hapa ndani," akasema, na rula yake ikiwa majini.

Kwa nini maji yamepanda? Majibu yalikuwa mengi, na baadhi nimeyasikia pia kwa watu wazima wa mji huu: Mungu amekasirika, wanachimba mvuke Menengai, mito imehama. Mwalimu hakumkaripia mtu. Alirudi kwenye picha, akawaonyesha upande wa Mau, kijani kikipungua, na mito Njoro, Makalia na Nderit ikishuka kutoka huko na udongo wake. Halafu akawapa takwimu za mvua. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa iliweka mvua kubwa mbele ya sababu nyingine, uharibifu wa misitu na ardhi ukiongezea, na mtikisiko wa ardhi ukitajwa pia. Alichosema mwalimu kuhusu Menengai kilinifurahisha: picha hii haiwezi kutujibu hilo, tutafute nyingine.

Kila picha aliyoisimamisha ilikuwa na mwaka chini yake, kwa herufi kubwa. Nilimwuliza kwa nini asibandike picha ya ziwa la waridi pembeni kwa kulinganisha. Akasema anayo, lakini haina tarehe, na picha isiyo na tarehe haiingii darasani kwake. Msimamo mkali kidogo, kwa maoni yangu. Ningeiingiza hiyo kwa makusudi, ili watoto waitafutie tarehe wenyewe. Tulibishana hadi kengele ya chakula.

Kitu kimoja ambacho picha zake hazikuonyesha ni upande wetu. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliana Ziwa Natron, Tanzania. Watoto wa Longido wanaona mayai na vifaranga, watoto wa Nakuru waliona karamu. Ndege wale wale. Nimesoma vitabu vya nchi zote mbili na kila kimoja kinaishia mpakani.

Saiba

Alasiri, karibu na soko, nilisimama kwenye saiba, duka la intaneti na uchapaji, nikisubiri kuchaji simu. Foleni ilikuwa ya wazazi. Mtaala wa umilisi unawataka watoto wafanye kazi za mikono na za utafiti, na kazi nyingi huja nyumbani na agizo la picha: picha za wanyama wa hifadhi, picha za aina za udongo, picha za viongozi wa kaunti. Mzazi asiye na printa, yaani karibu wazazi wote, anakuja hapa. Kijana wa saiba anajua kazi ya gredi ya nne ya shule tatu za jirani kuliko walimu wenyewe. Ukifika anakuuliza tu shule, anabonyeza, karatasi inatoka.

Mama mmoja alitaka flamingo. Ya rangi ilikuwa bei mara kadhaa ya nyeusi na nyeupe, akachukua nyeusi na nyeupe. Mtoto wake atabandika kwenye daftari flamingo wa rangi ya jivu, chini yake ataandika kwamba ni ndege wa waridi, na atapata alama zote. Malalamiko ya gharama hizi yamekuwa kwenye magazeti ya Kenya tangu 2021 na sina haja ya kuyarudia. La kwangu ni jingine: picha hiyo mtoto hakuitafuta, hakuichagua, hakuiuliza chochote. Imetoka kwenye kompyuta ya saiba hadi kwenye gundi. Agizo lilikuwa la maana, lakini njiani limegeuka biashara ya karatasi.

Mama alipoondoka nilimwuliza kijana picha ile aliitoa wapi. Hakukumbuka. Ipo tu kwenye foda, akasema, imekuwapo tangu alipoajiriwa.

Kabati

Nchi hizi mbili zilipoamua kupeleka skrini darasani zilianzia ncha tofauti. Kenya ilianza na mtoto. Ahadi ya uchaguzi ya 2013 ilikuwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya zabuni kukwama ikawa tableti, na ugawaji ukaanza 2016, vifaa vikiunganishwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na kampuni za nje. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Tanzania ilianza na mwalimu, na kwa kudra ya sensa: vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu Agosti 2022 vilianza kugawiwa walimu mwishoni mwa mwaka huohuo.

Nikiwa Nakuru niliomba kuonyeshwa tableti za 2016. Shule ya kwanza kabati lilikuwa na kufuli mbili na ufunguo mmoja ulikuwa kwa mwalimu aliyehamishwa. Shule ya pili zilitoka, kijani na imara, nyingi hazishiki chaji tena. Shule ya tatu zilikuwa zikitumika, na sababu ilikuwa mwalimu mkuu mmoja aliyeamua kwamba kuharibika ni sehemu ya kutumika. Kwingine hofu ya kuulizwa kifaa kimevunjwa na nani imevitunza vifaa hadi vikafa kwa uzee.

Ndani ya mafurushi yale yale ya 2016 kulikuwa na projekta moja kwa shule, na hiyo ndiyo niliyoikuta ikifanya kazi kila nilipokwenda. Hakuna aliyeipigia kampeni. Tableti ishirini mikononi mwa watoto hamsini huleta vurugu ya mabega. Picha moja kubwa ukutani huwafanya wote hamsini wabishane juu ya kitu kimoja. Wa kwetu wenye vishikwambi wana tatizo la upande wa pili: mwalimu anayo picha nzuri, skrini ni ya ukubwa wa daftari, na projekta hana. Anaiinua juu kifuani kama refa anayeonyesha kadi, na benchi la nyuma linaona mwanga tu. Ningekuwa na fedha ya serikali moja kati ya hizi ningenunua projekta na mapazia mazito.

Ipo tofauti nyingine ambayo sikuitarajia. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Hapa, kuanzia gredi ya nne, masomo ni kwa Kiingereza, na katika mji wenye Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya na Wakisii, Kiswahili ndicho cha uwanjani. Mwalimu akisoma aya ya Kiingereza darasa linanyamaza. Akiwasha picha, Kiswahili kinalipuka. Wanaona, wanataja, wanapingana, kisha mwalimu anawapa maneno ya Kiingereza ya vitu ambavyo tayari wameshavielewa. Arusha sikuwahi kuona picha ikifanya kazi hiyo kwa sababu sikuwa na ukuta huo wa kuuruka, mpaka kidato cha kwanza, ambapo ukuta unatuangukia wote kwa siku moja.

Njoro

Njoro ina Egerton, iliyoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939 na kuwa chuo kikuu 1987, lakini mgeni wa siku hizi anayeulizia elimu Njoro huwa anamwulizia Peter Tabichi. Mtawa huyu wa Kifransisko, mwalimu wa hisabati na fizikia katika Sekondari ya Kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mjini Dubai Machi 2019, dola milioni moja. Magazeti yalipenda habari ya kwamba aligawa sehemu kubwa ya mshahara wake. Mimi nilipenda habari iliyokaa chini zaidi katika taarifa zile: shule ilikuwa na kompyuta moja, mtandao wa kusuasua, naye alikwenda kwenye saiba, akahifadhi masomo na picha kutoka intaneti, akarudi nazo darasani zitumike bila mtandao. Wanafunzi wa shule hiyo walishinda kitaifa mwaka 2018 kwa kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu.

Keriko sikwenda, wageni wamewachosha vya kutosha. Nilikaa Njoro sokoni, nikamwona mwalimu mwingine kabisa akifanya kazi ile ile ya flashi. Alikuwa akitafuta video ya seli ya kitunguu chini ya hadubini, kwa gredi ya saba. Alizitazama sita. Nne alizikataa, mbili kwa lafudhi ya msemaji, moja kwa muziki, moja kwa sababu ilimaliza yote na kumwachia yeye kazi ya kuzima mashine. Aliyoichukua aliikata sauti. "Nitaongea mwenyewe," alisema, akalipa.

Nilimwuliza hadubini. Ipo moja, ya shule ya jirani. Kitunguu chenyewe ananunua hapo hapo sokoni, anakikata darasani, watoto wanachuna ngozi ile nyembamba na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha ndipo anawasha video. Mpangilio huo, kitu kwanza na picha baadaye, niliukuta mahali pengi pa Nakuru, na wengi waliniambia walianza kurekodi na kukusanya video mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi na wengi wa watoto kutorudi hadi Januari 2021. Redio na televisheni zilifundisha. Walimu nyumbani wakajifunza kukata video kwa simu.

Hyrax Hill

Kilomita chache nje ya mji, kando ya barabara ya Nairobi, kilima kina mawe, pimbi, na makumbusho madogo ndani ya nyumba ya zamani ya mlowezi. Mary Leakey alichimba hapa 1937 na 1938. Kuna makaburi ya kale, kuna mashimo ya duara yanayohusishwa na Wasirikwa, na juu ya mwamba kuna bao, vishimo vilivyochongwa safu kwa safu.

Nilikuta gredi ya sita wakiwa na simu moja, ya mwalimu. Watoto hawaruhusiwi kuleta simu shuleni, kwa hiyo simu hii ilipita mkono hadi mkono kwa zamu, na kila mmoja alikuwa na haki ya picha moja tu. Sheria hiyo iliwafanya watembee sana kabla ya kubonyeza. Walilala chini, walipanda, waliulizana. Msichana mmoja alirudisha simu bila kupiga, akaomba zamu yake iahirishwe.

Mwalimu alikataza picha yoyote isiyo na kalamu ndani yake. Kalamu ya bluu ya kawaida ilipangwa pembeni mwa bao, kwenye ukingo wa shimo, juu ya kipande cha chungu. Siku iliyofuata, ukutani, nikaelewa. Picha ya bao ilipowashwa bila kalamu (mmoja alisahau) darasa liliona beseni. Ilipowashwa yenye kalamu, waliweza kukadiria upana wa kishimo, wakahesabu vishimo vya kila safu, na vita ikaanza: mtoto wa Kimvita aliyehamia Nakuru na wazazi wake akadai hilo si bao la kwao. Mwalimu hakujua mchezo. Mimi najua kidogo, nikaitwa mbele, nikaeleza kwa kete za mahindi, na nusu saa ya historia ikapotea kwa furaha ya wote isipokuwa mwalimu wa kipindi kilichofuata.

Ukisimama juu ya kilima hiki unaliona ziwa likiwa mbali kidogo. Maelfu ya miaka iliyopita Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa na maji yalifika miguuni mwa kilima. Mvulana mmoja alipiga picha ya upande huo, uwanda, nyumba, ziwa. Darasani mwalimu alimpa kalamu ya alama na karatasi ya plastiki, akamwambia achore ufuo wa zamani juu ya picha yake mwenyewe. Alipochora, nusu ya mitaa ya jiji ilikuwa chini ya mstari, na mmoja akaitafuta nyumba yao.

Nilitaka na mimi picha ya watoto wakifanya kazi. Mwalimu alikataa kwa upole. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya viungani mwa Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na tangu hapo walimu wakuu wengi hawataki kusikia. Kwetu bado picha za wanafunzi zinarushwa kama njugu, majina na sare vyote. Nikapiga picha ya kalamu.

Barabara ya Marigat

Baada ya Mogotio unavuka ikweta, joto linapanda, na nguzo za umeme zinaanza kuwa za kuhesabu. Katika shule moja njia hii hakuna stima darasani, ipo ofisini. Mwalimu anachaji simu ofisini, anaipitisha darasani benchi kwa benchi, na picha inapofika benchi la mwisho la kwanza wameshasahau. Amejaribu kuichora ile picha ubaoni kwanza, kwa chaki, akiacha sehemu wazi, kisha simu inapopita kila benchi linatafuta sehemu iliyoachwa. Inasaidia. Kuta za shule hiyo zimechorwa kwa rangi za mafuta, mfumo wa chakula tumboni, ramani ya Kenya, sehemu za ua, kama zilivyo za shule nyingi za Monduli na Longido. Michoro hiyo haihitaji chaji na mtoto anaipita kila siku kwa miaka minane. Kosa moja katika ramani, hata hivyo, linaishi miaka minane nalo. Ziwa Baringo la ukutani ni dogo, la kabla ya mafuriko.

Kampi ya Samaki, ukingoni mwa Baringo lenyewe, kuna mwalimu aliyeacha kutegemea intaneti kwa sababu intaneti haina anachokitaka. Anataka picha za ardhini, za mahali ambapo sasa ni maji: barabara, vibanda, gati la zamani la mashua. Amewaomba wazazi. Zimekuja za harusi, za ubatizo, za vijana wa miaka ya 1980 wakiwa wamevaa suruali pana na kusimama mbele ya kitu ambacho hawakujua kuwa kitakuja kuwa ushahidi. Anazipiga kwa simu mezani, karibu na dirisha, anamrudishia mwenyewe papo hapo, na anaandika kwenye daftari nani kaileta, nani yumo, mahali, mwaka.

Nilipokuwapo alikuja bibi na picha ya studio ya mtaani, imekunjwa mara moja katikati. Nyuma kumeandikwa kwa wino 1994. Bibi anasema mwandishi alikosea, ni 1996, maana mtoto aliyembeba mgongoni alizaliwa mwaka ule ziwa lilipokuwa chini kabisa. Mtoto huyo, ambaye sasa ana watoto, alipigiwa simu hapo hapo, akasema kitambulisho chake kimeandikwa 1995. Mwalimu aliandika miaka yote mitatu chini ya picha na alama ya kuuliza, akaipangia gredi ya saba ya Jumatatu. Kwanza watapima kivuli cha mti ufukweni, alisema, kisha watatafuta picha ya setilaiti ya kila mwaka kati ya mitatu hiyo na kulinganisha ufuo na mawe mawili yanayoonekana nyuma ya bega la bibi. Bibi aliuliza kama na yeye anaweza kuja Jumatatu. Akaambiwa aje, kipindi ni saa tano.